Kilichokuwa Tumboni mwa Korongo

Korongo walishuka Bihambwe katikati ya mwezi wa tatu, siku tatu baada ya Mukasine kumaliza kupanda maharagi. Walikuwa kama sitini, weupe, ncha za mabawa nyeusi, miguu na midomo myekundu. Kila mwaka hupita wakielekea kaskazini, ila hutua kwenye malisho ya ng'ombe upande wa Karuba. Safari hii walitua mashambani.

Shemeji yake Habineza, aliyelima ng'ambo ya mfereji, alikuja na mawe mfukoni.

"Mama Umurerwa, hawa ndege banakula mbegu. Unaangalia tu?"

"Niko naangalia kwanza kile banakula," alisema Mukasine.

Mbegu zilikuwa zikipotea kweli. Mukasine aliketi ukingoni mwa shamba asubuhi mbili, kitenge begani kwa sababu ya baridi. Aliona kwamba mashimo ya mbegu zilizofukuliwa yalikuwapo kabla korongo hawajafika. Wao walikuja jua likishapanda, wakatembea kwa mstari mpana kama watu wanaopalilia, shingo mbele. Mmoja alisimama, akadonoa, akarusha kichwa nyuma, akameza, akaendelea. Hawakufukua. Walichukua kinachosogea.

Alimweleza Habineza, naye hakuamini. Mchana huo jiwe lake lilimpata korongo mmoja shingoni. Wengine waliruka, wakapotea nyuma ya kilima. Aliyepigwa alikufa kabla Mukasine hajafika.

"Leta kisu," alisema Habineza. "Tutaona nani iko na haki."

Walimpasua juu ya gunia. Tumboni mlikuwa na panzi, nyenje, na wale funza wa kijivu wanaokata mashina ya maharagi machanga. Mukasine aliwapanga kwa kijiti. Funza peke yao walikuwa arobaini na saba. Mbegu za maharagi zilikuwa mbili.

"Njo hizi mbegu," alisema Habineza akizionyesha, lakini kwa sauti ndogo.

"Mbili," alisema Mukasine. "Na hawa wengine?"

Habineza alikwenda mferejini, akaosha kisu muda mrefu.

Alfajiri iliyofuata alikuja mwenyewe kuketi naye. Ukungu ulipoinuka kidogo waliona kunguru tisa mashambani, wakifukua. Wakawafukuza pamoja kila alfajiri mpaka maharagi yakaota.

Korongo hawakurudi. Mwezi wa nne mashina yalianza kuanguka, machache kwa Mukasine, ambako korongo walikuwa wamekula funza siku kadhaa, mengi kwa Habineza.

"Shemeji, unionyeshe vile unabatafuta hawa funza," alisema Habineza.

Walipiga magoti, wakachimbua udongo kwa vidole penye kila shina lililokatwa, wakawatia funza kwenye mkebe wa maji. Kazi hiyo iliwachukua wiki nzima, na bado Habineza alipoteza karibu nusu ya shamba. Walipovuna mwezi wa sita, Mukasine alimpimia Habineza ndoo moja ya mbegu za msimu ujao, akambebea mwenyewe mpaka mlangoni kwake.