Leo Usifunge, Mkwe Wangu

Asubuhi ya mechi ya mwisho ya msimu, Kisigino alikuwa bado anapuliza chai yake wakati baba mkwe wake alipoingia bila hodi, viatu vya mpira mkononi na jambo moyoni. Viatu alikuwa amevishona yeye mwenyewe, maana mzee ni fundi viatu, na kushona anajua, hilo hata wasiompenda hawambishii. Akaviweka mezani karibu na mkate, akavuta kiti, akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyekuja kuomba.

"Mwanangu," alisema, "leo usifunge."

Kisigino akaweka kikombe chini. "Baba, mimi ni mshambuliaji."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa kipa."

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana mtu asiyeujua upuuzi wa klabu ile atadhani mzee amerukwa na akili. Aliyerukwa na akili alikuwa Mwenyekiti. Mwanzoni mwa msimu alipaka rangi viti vya jukwaa kuu, viti vilevile vya zamani jamani, rangi tu, halafu akapandisha tiketi mpaka watu wakadhani mkatisha tiketi anatania. Wakacheka, wakageuka, wakarudi makwao. Uwanja ukabaki mtupu kiasi kwamba kocha akipiga chafya, kipa wa upande wa pili anamwambia pole. Watazamaji walikuwa njiwa, mlinzi, na bwana mmoja aliyekuja kulala kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mtoto mchanga.

Mwenyekiti akasema watu hawana mapenzi na timu. Bei hakuigusa. Siku moja, akiwa amekaa kwa kinyozi na povu shavuni, akazinduka. Kinyozi analipwa baada ya kunyoa! Kwa nini mpira ulipiwe kabla? Akatoka mbio, nusu ya ndevu bado ipo, akatangaza utaratibu mpya: kuingia ni bei ya karanga, lakini ukitoka unalipia magoli. Kila goli linalofungwa na mchezaji wetu ni bei ileile ya tiketi aliyoipandisha, kichwa kwa kichwa, mkubwa kwa mdogo. Goli la wageni ni bure. Wageni wakijifunga wenyewe, bure pia, maana hatuwezi kuuza mali ya watu. Na anayetoka kabla ya mwisho analipia yale yaliyofungwa kabla hajatoka tu.

Loo! Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mwenyekiti hakushikika wiki nzima, anatembea kifua mbele, anasalimia hata watu aliowanunia. Alichochelewa kukiona ni hiki: watu wale wote walikuja kuomba timu yao isifunge.

Basi ukawa mpira wa ajabu. Beki wetu akibutua mpira nje, uwanja mzima unasimama kumshangilia. Winga akimtoka mtu mmoja, wanampigia kelele, "Rudi nyuma! Unakimbilia wapi?" Kipa wa wageni akidaka, anapigiwa makofi. Timu yetu ikipata kona, wenye roho ndogo wanakimbilia mlangoni ili watoke mapema. Na winga yuleyule alipofunga siku moja kwa bahati mbaya, mwenye nyumba wake hakumsemesha mwezi mzima.

Sasa huyu mzee fundi viatu alikuwa mkono wa birika wa kutajwa mtaa mzima. Lakini bei ya karanga ilimgeuza. Ghafla akawa mkarimu, anaalika watu mpirani kama anaalika harusini. Siku hiyo alikuwa ameahidi kuwapeleka wajukuu wote, bintiye aliyeolewa na Kisigino, mashangazi wa binti huyo, na jirani anayewaazima ngazi.

"Ukifunga moja tu," alisema mzee, "nalipia ukoo mzima. Na jirani. Ukifunga mawili nauza cherehani. Nitashona viatu vya watu kwa meno?"

"Nimekuelewa, baba."

"Si kwamba nina wasiwasi sana. Msimu mzima hujafunga." Akasema hivyo kwa upole kabisa, kama anampongeza. "Mimi yangu yananitosha. Jana tu mteja kachukua kiatu nilichomshonea soli nzima, kakigeuzageuza, ananiambia eti hakikuwa kimeachia. Eti kilikuwa kizima tangu mwanzo! Asilipe tu. Nililala na hasira."

Akaondoka. Kisigino akabaki anatazama chai iliyopoa.

Kulikuwa na jambo ambalo mzee hakulijua, na mkewe Kisigino pekee ndiye aliyeambiwa. Kocha alikuwa amemvuta pembeni baada ya mazoezi, akamweleza huku anatazama nyasi. Mwenyekiti ameamua. Umri umekwenda, magoti yanalia, msimu mzima hakuna goli. Akifunga katika mechi hii ya mwisho, jina lake likatangazwa uwanjani, mkataba unaongezwa. Jina lake lisipotangazwa, afungashe virago.

"Mwambie baba," mkewe alimsihi. "Akijua, hatakuomba hivyo."

"Nimwambie ili iweje? Aseme si alishasema?"

Maana kidonda chake kilikuwa hapo. Siku alipokwenda kuposa, mzee alimkaribisha vizuri, akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu anacheza mpira. Mzee akatikisa kichwa. "Hilo nimesikia. Nakuuliza kazi." Binti akaolewa, wajukuu wakazaliwa, na swali lile halikupata jibu mpaka leo. Kila alipomtambulisha kwa wageni, mzee alisema, "Huyu ni mkwe wangu, bado anatafuta." Iliuma, tena iliuma sana, na Kisigino alikuwa amejifunza kutabasamu huku inauma.

Jioni uwanja ulifurika. Mzee na kundi lake walipata nafasi nzuri kupita zote, nyuma ya goli ambalo wageni wangelilinda kipindi cha pili, karibu kabisa na wavu. Kisigino alipoingia uwanjani aliwaona: wajukuu wanapunga mikono, mashangazi wanamenya machungwa, mkewe ameshika tama. Mzee alimnyooshea kidole, kisha akakitikisa taratibu kushoto na kulia. Hakuna kufunga.

Kipindi cha kwanza kilikuwa raha tupu kwa waliolipa bei ya karanga. Hakuna kilichotokea. Wenzake Kisigino walikuwa wamezoea kupendwa kwa kutofunga, wanapigiana pasi za nyuma mpaka mwamuzi anapiga miayo. Kisigino alikimbia peke yake. Akiita mpira, jukwaa linamzomea. Alipiga shuti moja likagonga mwamba, na mwamba ukashangiliwa.

"Mwamba huyo! Mwamba wetu!" waliimba. Watu wazima, wenye familia zao!

Kipindi cha pili dakika zikayoyoma. Magoti yalikuwa yanamwambia Kisigino akae chini. Karibu na mwisho kabisa ikapatikana kona, na waoga wakaanza kukanyagana kuelekea mlangoni. Mpira ukapigwa juu. Kisigino akaruka, beki wa wageni, jitu refu la kutisha, likaruka naye, vichwa viwili vikapanda pamoja, pakasikika kishindo, na mpira ukazama wavuni.

Kisigino alianguka akiwa ameshika sikio la kushoto. Mpira ulikuwa umempiga hapo, sikioni barabara, na masikio yote mawili yakawa yanavuma. Lakini alijua. Ni lake! Akainuka, akanyoosha mikono kwa watu wake.

Uwanja mzima kimya. Ule ukimya wa watu wanaopiga hesabu.

Halafu sauti moja kutoka jukwaani ikapaza: "Amejifunga! Beki kajifunga!"

Wee! Iliwaka kila upande. "Kajifunga! Kajifunga!" Walikumbatiana, wakacheza, wakamshukuru yule beki kwa jina la mama yake. Waliokuwa wamefika mlangoni wakarudi mbio kushuhudia walichokuwa wamekipa mgongo.

"Mimi?" Beki alitoa macho. "Haki ya Mungu sijaugusa! Mwamuzi, sijaugusa!" Akamkamata Kisigino kichwa, akamgeuza upande kama anayeuza tikiti maji. "Tazameni sikio hili! Limevimba! Hili ndilo limefunga!"

Timu nzima ya wageni ikaja kumtetea Kisigino. Wenzake wa timu yake walikuwa wanatazama mawingu, maana nao walikuwa na jamaa jukwaani. Mwamuzi akajikuna. "Goli nimeliona," alisema. "Mfungaji sijamwona. Hili dude refu lilinikinga." Mwenyekiti akasimama kwenye kiti chake cha rangi mpya na kupiga kelele kwamba goli ni la Kisigino, ni la Kisigino kabisa, lakini nani atamwamini mtu mwenye sanduku la kukusanyia pesa mlangoni?

Ikabaki kwa mtangazaji wa uwanja, kijibwana kimoja kilichosimama na kipaza sauti karibu na lile goli. Yeye ndiye anayetaja mfungaji. Alitazama umati. Nyumbani kwake ni mtaa huohuo. Angepita wapi?

"Mfungaji wa goli..." akaanza. "Mfungaji ni beki wa..."

Kisigino akakaa kwenye nyasi. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alifikiria kwamba viatu vile vilikuwa vimeshonwa vizuri mno kwa mechi moja tu.

"Wewe! Hebu ngoja hapo!"

Mzee alikuwa ameshika wavu kwa mikono miwili na miguu ameitia kwenye matundu, anapanda. Mashangazi wanamvuta koti. Alipofika juu ya vichwa vya watu akageuka kuwatazama, na kwa jinsi alivyokuwa na hasira hakuhitaji kipaza sauti.

"Nyie watu hamna haya? Mimi nimekaa hapa nyuma. Mpira umempiga sikioni nikauona, hata sauti yake nimeisikia!"

"Mzee, nyamaza!" mtu alimpigia kelele. "Utatulipisha!"

"Nitakulipisha nini wewe uliyekuja na kofia yako peke yako? Mimi nina wajukuu hapa, nina mashangazi, nina jirani! Kuna anayeumia leo kuliko mimi?" Akamnyooshea Kisigino kidole. "Huyu kijana nimemsema miaka yote kwamba hana kazi. Mimi huyu, kwa mdomo wangu. Leo kaifanya kazi yake mbele ya macho yangu, halafu nyie mnaigeuzageuza na kuniambia haikufanyika? Kiatu kilikuwa kizima tangu mwanzo, eh? Msilipe tu! Nawajua watu wa namna yenu, wanakuja dukani kwangu kila siku!"

Akabaki ananing'inia wavuni.

"Hata mimi niliona," alisema shangazi mmoja, machungwa bado mkononi. "Ni sikio."

"Sikio," akakubali jirani wa ngazi, kwa huzuni kubwa.

Halafu mtu mwingine, halafu mwingine, wakiitikia kwa shingo upande. Yule wa kofia akasema aliona tangu awali ila hakuwa ameulizwa. Mtangazaji akapiga moyo konde, akalitaja jina la Kisigino kwa kipaza sauti, akalirudia, na mara ya pili watu wakajikuta wanashangilia. Msimu mzima hawakuwa wameshangilia goli la kwao. Wengine walilia, na si wote walilia kwa sababu ya bei.

Mlangoni pakawa na foleni ndefu ya nyuso zilizonuna. Jirani aliomba aruhusiwe kwenda nyumbani mara moja kuleta ngazi, mlinzi akamwambia hapana. Wa kwanza kulipa alikuwa mzee. Alivua kiatu, akavua soksi, akatoa kibunda kilichokunjwa mpaka kikachoka, akakihesabu mbele ya mkatisha tiketi kwa vidole vinavyokataa. "Goli la mkwe wangu," alimwambia. "Wote hawa. Na huyu jirani."

Kisigino alifika akiwa bado na jezi, sikio limekuwa kubwa na jekundu. Mkewe akamrukia shingoni akasahau, akamgonga palepale, na Kisigino akapiga yowe kwa furaha na kwa maumivu. Habari za mkataba mzee aliambiwa palepale mlangoni, huku anavaa soksi. Alisikiliza mpaka mwisho.

Alipita mteja wake mmoja, akasimama kumsalimu, akauliza huyu kijana mwenye sikio ni nani.

"Mkwe wangu," alisema mzee. "Anacheza mpira." Mteja akangoja, kwa sababu mtaa mzima uliyajua maneno ya mzee yanayofuata. Hayakufuata. Mzee alikuwa anafunga kamba za kiatu.

Walipoanza kutembea kwenda nyumbani akamshika Kisigino mkono, akamchelewesha nyuma kidogo ili wengine wasisikie.

"Msimu ujao nakuja peke yangu," alisema. "Halafu wewe ufunge mpaka uchoke."