Wakulima Wasio na Shamba

Ndiyo, nina hasira, na ninajua zilipoanzia: hapa Rubavu, mpakani na Congo, mtaani kwetu, mwaka tisini na nane, nikiwa nimeshika fomu mia mbili.

Mradi mmoja ulikuwa umetuajiri kuuliza watu wanafanya kazi gani. Majibu ndiyo yangeamua fedha za mafunzo ziende wapi: penye washonaji wapelekewe cherehani, penye maseremala wapelekewe mwalimu wa useremala. Mimi Saidati, niliyesomea Kigoma hadi kidato cha nne, nilijiona mtu mkubwa kweli.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa wifi yangu Gatesi, mjane wa kaka yangu. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Grande Barrière na beseni la nyanya kwenda kuuza Goma, upande wa Congo, vita au si vita. Akirudi, alishona kwa mkono nguo za watoto wa mtaa mzima. Alitaka kitu kimoja tu: nafasi ya kujifunza cherehani, aache kuvuka.

"Kazi yako?" nikamuuliza, nimekaza uso kama hakimu.

Akawatazama majirani waliojipanga nyuma yake. "Andika mukulima."

"Wifi, mkulima wa wapi wewe?"

"Eh! Andika vile kadi yangu ya kitambulisho inasema. Mi sitaki karatasi yenye inasema naenda Congo kila siku. Liste inafanyaka nini, we haujui?"

Nilijua. Nani hakujua? Nchi hii, wakati wa mauaji ya kimbari, watu waliuawa kwa orodha. Nikaandika mkulima. Waliomfuata wakamsikia, wakajibu vilevile: wauza nyanya, fundi baiskeli, hata kinyozi mwenye mkasi mfukoni. Msimamizi wetu, Bwana Kimenyi, alikuwa ametuonya: andika mtu anachosema, usiongeze lako. Basi sikuongeza.

Mwaka uliofuata matokeo yakatoka. Mtaa wetu, tisa katika kila kumi wakulima; washonaji hakuna. Cherehani zikapelekwa kwingine. Sisi tukaletewa mafunzo ya viazi, na jina la Gatesi lilikuwa la kwanza. Hana hata pa kupanda kitunguu!

Nikamvamia Kimenyi ofisini. "Huu ni upuuzi! Mnafundisha kilimo watu wasio na ardhi?"

Hakubisha. Alivuta fomu, akanionyesha sahihi yangu. "Takwimu ni zako, Saidati."

Nilitamani kumrarulia zile karatasi. Lakini sahihi ilikuwa yangu kweli, nikatoka bila kuaga.

Nilimkuta Gatesi ametoka Goma, shavu limevimba. Askari wa mpakani alikuwa amempiga kibao na kumkanyagia nyanya. Nikampa barua ya viazi, akaisoma yote.

"Niliandika ulichosema," nikajitetea.

"Ndiyo, mbele ya batu. Niliogopa." Akaikunja barua. "Lakini jioni ya ile siku ulikuja kula kwangu, Saidati. Tulikuwa wawili tu. Kwa nini haukuniuliza tena?"