Mtumbwi wa Babu Mbonimpa

Asubuhi babu alipoanza kuvuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na mzigo, shangazi Adela alinituma nikamwite mwinjilisti Kaijage. Nilimkuta anapalilia kahawa. Alinawa miguu tu, akachukua Biblia, tukaja mbiombio.

Babu yangu Mbonimpa hakuwahi kubatizwa. Tangu alipovuka kutoka Burundi akafika hapa Kimuli, kazi yake ilikuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wazee wa kanisa walimwambia aiache kwanza, ndipo aje darasa la ubatizo. Kila mwaka anasema ataacha, ndizi zikiiva anaingia tena kwenye mtumbwi wake wa kukamulia nyuma ya nyumba, anazikanyaga na nyasi mpaka juisi itoke.

"Shikamoo, mzee," mwinjilisti alisema, akapiga goti kando ya kitanda.

"Marahaba. Umechelewa. Lakini hata mimi nimechelewa."

Shangazi alikuwa mlangoni. Yeye ameokoka tangu usichana, na kila ibada ya maombi humtaja baba yake huku analia.

"Baba, sema umeuacha ule mtumbwi. Sema tu, ubatizwe. Unataka kufa hivi hivi upotee?"

Babu aligeuza uso kwake.

"Nikisema nimeuacha nitakuwa namdanganya Mungu mlangoni kwake," alisema. "Nikiamka kesho nikute ndizi zimeiva, nitaingia mle."

"Basi nitauvunja mimi. Mwinjilisti, usimtie maji mpaka nirudi."

Akatoka na shoka.

Tulianza kulisikia. Mtumbwi ule ni wa mti mgumu, ulichongwa kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Mwinjilisti alitazama dirisha, akamtazama babu, akanitazama mimi.

"Wazee wataniuliza, Mahoro," alisema polepole.

Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya wazee siyajui. Nilitazama kifua cha babu. Kinapanda, kinashuka, kinasimama. Shoka linapigwa. Nangoja. Kinapanda.

"Mwinjilisti," babu alisema, macho ameyafumba. "Yule mnyang'anyi aliyetundikwa pamoja na Yesu. Alirudisha vitu vya watu?"

"Angerudisha saa ngapi, mzee? Alikuwa msalabani."

"Na alipokelewa peponi?"

"Alipokelewa. Siku ileile."

Babu alihangaika kupata pumzi. Niliinua kichwa chake.

"Basi nilikosea miaka yote," alisema. "Nilikuwa nangoja nitakate ndipo niende kuoga."

"Unamtaka Yesu, mzee?"

"Namtaka. Sina cha kumpa. Hata pombe siwezi kumwahidi, unanijua."

Safari hii kifua kilipotulia kilikawia sana. Huko nje shoka lilikuwa bado linapiga. Mwinjilisti alisimama, akaninyang'anya kikombe. Maji mengine yakamwagikia shuka.

"Mbonimpa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Kifua kikapanda.

Shangazi aliingia jasho linamtiririka, kiganja kimechubuka, damu inatoka.

"Mti gani ule, ni chuma kabisa. Nimeutia pengo tu." Ndipo akaona kichwa cha babu kimelowa. "Mmembatiza na mtumbwi mzima?"

"Mzima," mwinjilisti alisema.

"Ameahidi nini?"

"Hajaahidi kitu."

"Sasa anaokolewa na nini?"

Mwinjilisti alifungua Biblia, lakini babu alimtangulia.

"Adela. Ni wewe uliyekuwa unapiga shoka?"

"Ni mimi, baba."

"Umeumia. Leta mkono."

Nilijua atakataa. Alisimama pale katikati ya chumba, anamtazama mwinjilisti kama mtu aliyeibiwa. Babu alikuwa amenyoosha vidole juu ya blanketi, havirudi.

Shangazi akaja. Babu alivuta ncha ya shuka iliyolowa maji ya ubatizo, akaanza kumfuta damu, taratibu, mara anakosa kiganja, mara anakipata.

"Kaa, mwanangu. Mtumbwi hauendi popote."

Shangazi akakaa kitandani. Hakuuondoa mkono.

Kifua kilipanda. Kikashuka. Nikangoja, mwinjilisti akangoja, na shangazi naye, midomo inamcheza bila sauti. Ni yeye aliyemfumba babu macho, kwa kiganja kile kile.