Pongezi kwa Kipimo cha Mzee Bonaventura

Kazi ya Yunisi ilikuwa kuwapongeza watu asiowajua. Katika ofisi ndogo ya ghorofani pale Mwanga, mjini Kigoma, yeye na bosi wake Selestini walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwahimiza wenye presha na sukari wafanye matembezi. Mtu akitembea vya kutosha, simu inalia na ujumbe wa kumsifu unatokea. Jumbe hizo aliziandika Yunisi, na sifa hakuzibania. "Hongera shujaa!" "Wewe ni moto wa kuotea mbali!" "Ziwa zima linakupigia makofi!" Selestini aliona bado zimepoa, akaongeza na sauti ya vigelegele.

Ajabu ni kwamba mwandishi huyo mkarimu alikuwa binti wa Mzee Bonaventura wa Ujiji, mstaafu wa reli, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema hongera, hata harusini. Harusini humshika bwana harusi mkono, akamwambia, "Haya, tutaona." Yunisi alipokuwa wa kwanza darasani, baba yake aliigeuza ripoti mbele na nyuma, kisha akauliza wa pili alikuwa nani.

Basi daktari alipomwambia mzee atembee kwa ajili ya presha yake, Yunisi akaona amepata mtu wa kumjaribia. Akamwekea programu kwenye simu, akamwelekeza, akarudi kazini akitabasamu. Jioni simu yake ikaita.

"Yunisi, kuna mtu humu ndani ya simu."

"Shikamoo baba. Mtu gani?"

"Marahaba. Nimekwenda mpaka mwaloni, kwa wauza samaki, na kurudi, ananiita shujaa. Shujaa wa nini, nimebeba bunduki? Halafu anapiga vigelegele mbele za watu, jirani yetu Pastory akadhani naoa."

"Anakupongeza tu, baba."

"Mtu hanijui, ananisifu hivyo? Huyo anagombea. Mwambie kura yangu ni siri."

Kesho yake mzee aliiacha simu nyumbani, na siku iliyofuata akaacha na kutembea kwenyewe. Mama yake Yunisi, Honorata, ndiye aliyempasha habari. Yunisi alicheka, halafu akakumbuka presha, kicheko kikaisha. Utamsifuje mtu anayeogopa sifa kama wengine wanavyoogopa nyoka? Akafumba macho pale mezani, akajaribu kumsikia baba yake akiongea siku ambayo moyo wake umetulia. Kisha akaandika:

"Nimeona umetembea. Kesho usiishie mwaloni."

"Wapo waliokaa. Wewe hukukaa."

"Leo hukujikokota sana."

Selestini alisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Dada, hii ni pongezi au barua ya onyo kazini?"

"Kwa anayejua kusoma, ni pongezi."

Wakaziweka kwenye simu ya mzee peke yake, na vigelegele wakavizima. Honorata akapewa kazi ya kumbembeleza atoke mara moja tu, ajaribu. Hazikupita siku nyingi mzee akapiga tena.

"Yule mpuuzi naona wameshamfukuza. Wamemweka mtu mzima. Mtu aliyelelewa."

"Anasemaje?"

"Leo kaniambia sikujikokota sana." Sauti ilijaa raha, utadhani amevishwa nishani.

Yunisi alijiuma mdomo asicheke. Lakini ndani kukawa na kitu kinamchoma: huyo mtu wa kwenye simu ana siku chache tu, tayari anasifiwa malezi! Hakuweza kujizuia.

"Baba, huyo mtu mzima ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye ninayeandika. Na yule mpuuzi wa kwanza pia ni mimi."

 

"Hiyo 'sana' ungeitoa," mzee akasema. "Haina kazi." Akakata simu.

Yunisi akabaki ameishika yake sikioni. Alikuwa ametegemea nini, kwani? Akaitoa ile "sana", maana kweli haikuwa na kazi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jumamosi alikwenda Ujiji kuwaona, akapitia mwaloni kununua migebuka, samaki wa ziwani. Muuzaji, Révérienne, mama aliyehamia kutoka Burundi zamani, alimtazama usoni kabla hata ya kutaja bei.

"Wewe ndiye mtoto wa Bonaventura? Utuhurumie, dada."

"Kafanya nini?"

"Kila asubuhi anasimama hapo ulipo wewe, anatusomea simu. 'Haya kaandika mwanangu. Mnasikia? Hakuna neno lililozidi.' Juzi mteja ameshashika dagaa mkononi, mzee akaanza kumsomea. Mteja akawaweka chini, akaondoka."

Yunisi alihisi uso unawaka. Akamwomba asimulie tena. Révérienne akasimulia tena, safari hii akiigiza na sauti, na wenzake wa meza za jirani wakamsaidia pale alipopunguza.

Nyumbani, wakiwa wanakula, Yunisi akaanza, "Baba, nasikia unanitangaza mwaloni."

"Nani kasema?"

"Révérienne."

"Yule anachangamsha biashara."

Honorata alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Msifu basi mtoto hapahapa, na sisi tusikie. Mimi nimeishi na ububu huu tangu usichana wangu, na nyinyi mmeona hautoshi, mmeutia na kwenye simu!"

Mzee Bonaventura alikohoa. Akanawa mikono polepole mno, akavaa viatu, akasimama mlangoni akitazama nje.

"Yunisi. Twende tutembee."

Wakashuka njia ya ziwani. Kila waliyekutana naye, fundi baiskeli, mama wa vitumbua, vijana wanaokarabati nyavu, mzee alisimama, akasalimia, kisha akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

"Huyu ndiye," akasema, asiongeze kitu.

"Ahaa! Ndiye huyu?" wakajibu, wote, tena wakinyanyuka kumpa mkono. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndiye nani.