Wadudu wa Mvua ya Kwanza

Samaki alipanda kutoka gizani mwa maji, akamsogelea nzi bandia wa Perpétue, akamkagua kwa karibu, kisha akageuka na kuzama. Papo hapo akaibuka kando na kummeza mdudu wa kweli.

"Amemukataa," alisema Perpétue.

"Hata samaki ya trauti kule Elgon ilikuwa inafanya hivyo," Wasswa alijibu. "Tupa tena, Mama Bienfait. Usipige maji kama unafua nguo. Pole pole."

Walikuwa wamesimama mtoni hadi magotini, upande wa Nyamitanga, chini ya ukuta wa bwawa dogo linalozuia mto Rwizi. Mvua ya kwanza ya Septemba ilikuwa imenyesha, na wadudu walitoka majini makundi kwa makundi. Walielea kidogo, mabawa wima yakikauka, kisha wakapaa. Chini yao visinja, samaki wa magamba makubwa na ndevu fupi, walikula kama wageni wa arusi.

Wasswa, sajini mstaafu, alijifunza kuvua kwa nzi bandia alipokuwa kwenye kikosi cha Mlima Elgon, kwenye vijito vya baridi. Alipostaafu akajenga nyumba Kakiika, akabaki na ufito wake wa kuvulia na nzi mmoja aliyechakaa. Hakupata wa kumtengenezea mwingine, hadi siku alipopita sokoni Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, na kumkuta Perpétue akimsuka binti mmoja nywele. Aliyatazama yale mafundo madogo, akatoa nzi mfukoni. Perpétue alimgeuza huku na huku, akasema arudi Jumamosi.

Tangu hapo alimfungia nzi wengi, kwa uzi wa kusukia na manyoya ya shingo ya jogoo. Kisha Wasswa, ambaye mkewe alifariki zamani, akaja na neno jingine. Alitaka wafunge ndoa, Perpétue ahamie Kakiika. Leo Perpétue alikuja na jibu, ila aliomba kwanza aone kazi ya mikono yake ikifika majini.

Na kazi ya mikono yake ilikuwa imekataliwa.

Hakukasirika. Alimnasa mdudu mmoja aliyetua kwenye kitenge chake, akamweka kando ya nzi wake. Wa kweli alikuwa na kiuno chembamba, cha rangi ya chai ya rangi. Wake alikuwa mnene kama msuko wa siku ya sherehe.

"Nilimulisha mingi," alisema.

Akachomoa wembe kwenye kikopo chake cha nyuzi, akanyoa manyoya, akafungua mizunguko kadhaa ya uzi. Wasswa alimshika kiwiko, akamwonyesha tena jinsi ya kuusubiri mshipi unyooke nyuma kabla ya kuurusha. Nzi alitua bila kelele. Maji yakabonyea ndani kama shavu la mzee asiye na meno, na ufito ukapinda.

"Muache akimbie," Wasswa alisema. "Usimvute bado."

Samaki alikimbia kweli. Mshipi ulikata maji kuelekea kwenye miamba, na Perpétue akamfuata hatua kwa hatua. Hapo Wasswa akaona majani makavu yakielea kwa kasi na povu likija kutoka ukutani. Bwawa lilikuwa limefunguliwa.

"Maji inapanda. Wacha samaki, tutoke."

"Simuachi."

Wasswa hakubishana. Alikishika kitenge cha Perpétue kiunoni kwa mikono miwili, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ukingoni, akimvuta yeye, naye akimvuta samaki. Mto uliwafika mapajani. Mguu wa Perpétue uliteleza, kitenge kikamshikilia. Walipofika kwenye nyasi, wote wawili wakakaa chini wakihema, na kisinja akawa anapigapiga mkia katikati yao.

Baada ya kupata pumzi, Perpétue akasema, "Afande, niliwaza mingi. Kukaa Kakiika sitaweza. Shamba yangu iko Nakivale, bajukuu yangu beko kule. Nilishaacha fasi yangu moja, kule kwetu Fizi. Kuacha ya pili, hata kwa mutu mwema, hapana."

Wasswa alitazama viatu vyake vilivyojaa maji. "Basi umenikataa."

"Sijakukataa. Weye kuya."

"Mimi? Nikakae kambini?"

"Maisha yako yote ulikaa kambini."

Wasswa alitaka kucheka, akajizuia. Akatoa kisu, akaanza kumparua samaki magamba bila haraka.

"Kule hakuna mto," alisema mwishowe.

"Kuko ziwa."

"Ziwa haitembei."

"Badudu banatoka vilevile. Mvua ikianza banapanda juu ya maji kama moshi. Unaweza sema mafunjo inaungua."

Kisu kilisimama.

"Hao wadudu wa ziwa," aliuliza, "wako wakubwa namna gani?"

Perpétue alinyoosha kidole chake kidogo, gamba moja la samaki limeng'ang'ania juu yake, akamwonyesha nusu ya ukucha. Wasswa akafuta mikono kwenye nyasi, akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akakishika kile kidole, akakisogeza kwenye mwanga, na kuutazama ukucha kwa muda mrefu.