Bonaventura wa China

Mwalimu Theodora alivunjika mguu akiruka mfereji ambao kila mtu mwingine pale kijijini Ihanja huuzunguka. Akafungwa hogo kuanzia pajani hadi vidoleni, akaambiwa atulie nyumbani. Kutulia ndiko kulikomshinda. Alikuwa ameshagombana na redio, na kuku, na mumewe Edward, na sasa alikuwa anamtafuta wa nne.

Akaingia Damari, mwalimu mwenzake, mtu mwenye ugonjwa wa hadithi za Kichina.

"Nimekuletea dawa," akasema, akampa simu. Kiooni kulikuwa na katuni ya binti aliyepanda korongo mweupe, anapasua mawingu kwa upanga.

"Damari, mtu mzima mimi! Katuni?"

"Angalia sehemu moja tu. Ikikuchosha, nitakufulia mashuka."

Ikaisha ya kwanza, ikaisha ya sita, ugali ukapoa. Korongo alipochomwa mshale Theodora alilia kwa sauti, na hapohapo bando likakata.

"Amekufa?"

"Sikwambii. Ila kama umependa kulia, kuna kitabu kimewaliza watu tangu enzi za mababu wa mababu zetu."

Kesho yake akakileta: riwaya ya kale ya China, tafsiri ya Kiingereza, nene kama tofali la kuchoma. Humo ndugu wa ukoo mmoja wa kifalme wanagombea kiti. Tabu ilikuwa majina. Theodora aliyachanganya hadi akamlilia marehemu ambaye ukurasa uliofuata alikuwa anaoa.

"Wape majina ya hapa," Damari akashauri. "Yule mjomba mnene, mwenye maringo, anayependa kuimba, ni nani?"

"Mzee Bonaventura!" Wakacheka hadi machozi. Bonaventura alikuwa jirani, mfugaji na kiongozi wa kwaya. Yule mpwa wa mjomba wa kitabuni, mwenye uso wa upole, wakamwita Lazaro, kwa jina la kijana wa mashine ya kukamulia alizeti. Tangu hapo kitabu kikasomeka kama habari za kijiji.

Alasiri moja walikuwa uani, na mama mkwe wa Theodora, Bibi Martina, yuko jikoni anapika mlenda.

"Lazaro ameshapata sumu," Theodora akasema. "Anaitia kwenye asali."

"Na Bonaventura kwa asali hajiwezi."

"Maskini, kesho anakufa. Na mke wake wa tatu anajua kila kitu!"

Jikoni mwiko ukaanguka. Wala hawakuusikia.

Asubuhi hodi ikabishwa. Alikuwa Mzee Bonaventura mwenyewe, na koti la Jumapili siku ya Jumatano. Nyuma yake Lazaro, mafuta mikononi, amefura.

"Shikamoo mzee," Theodora akasema.

"Marahaba. Nimeamka hai, ila asali sijaigusa. Mwalimu, nakufa lini?"

"Na mimi huyu mzee kanikosea nini?" Lazaro akafoka. "Bibi Martina amenitangaza hadi kisimani!"

Theodora alitamani lile hogo limfunike hadi kichwani. Akaomba radhi, akaeleza, akaonyesha kitabu. Mzee akakipima uzito mkononi, kisha akavuta kigoda.

"Huyo Bonaventura wa China ana ng'ombe?"

"Ana farasi elfu tatu, mzee."

"Na wake watatu?"

"Wanne."

Mzee akakohoa, akachungulia nje kuona kama mkewe yuko karibu. "Soma."

Theodora akasoma, akigeuza kila mstari kuwa Kiswahili. Lazaro wa China alipopiga magoti na kutoa bakuli la asali, Lazaro wa Ihanja alijishika kichwa. "Mshenzi mimi!"

"Usinywe, wewe!" mzee akakikaripia kitabu.

Wa China akanywa.

"Waliniimbia mazishini?" mzee akauliza.

"Kurasa mbili nzima, mzee."

"Mbili?" Akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi hawakunidharau. Na huyu mshenzi atakamatwa? Endelea."

Lazaro naye akajivutia kigoda. Bibi Martina, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akatoka akijifuta mikono kwa kanga.

"Na mimi nimo?"

Mama mkwe alikuwemo, tena tangu mwanzo, na ulimi wake ulikuwa umeangusha majimbo mawili.

"Umo, mama," Theodora akajibu, huku akipekua kurasa mbiombio kutafuta malkia yeyote mwenye huruma.