Unaweza, Siyo Lazima

Jaji alitamani ardhi ipasuke immeze, na hapo wakili hajamaliza hata sentensi ya tatu.

Nyuma ya wakili alikaa mteja wake, mshonaji aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kiwandani. Alichotaka ni kitu kimoja tu: kesi yake isikilizwe mahakamani. Kiwanda kilikuwa kimeng'ang'ania mkataba wake wa kazi, kwamba mgogoro wowote "unaweza kupelekwa kwa msuluhishi." Na huyo msuluhishi anateuliwa na nani? Na kiwanda, nani tena.

"Waheshimiwa, neno 'unaweza' siyo 'lazima,'" wakili alisema. "Lakini kuna hukumu ya miaka kumi na tisa iliyopita iliyosema ni lazima, na mahakama za chini zinaifuata. Tunaomba muitengue."

Hukumu hiyo aliiandika yeye, jaji, tena mbiombio, siku ya harusi ya dada yake. Mkataba wa kesi ile ulikuwa na maneno haya haya, ila hakuufungua. Akaandika kwa kukumbuka, akakumbuka vibaya. Mpiga chapa wake alimwambia taratibu, "Mheshimiwa, mkataba unasema unaweza." Naye akamjibu, "Piga kama nilivyoandika. Kwani wewe ndiye jaji?"

Katika chumba cha majaji, wenzake wawili waliosikiliza kesi naye hawakupatana.

"Watu wamepanga mambo yao kwa kuifuata hukumu hiyo," alisema wa kwanza. "Tukiigeuza leo, kesho nani atatuamini?"

"Kwa hiyo tuendelee kukosea kwa adabu?" alisema wa pili.

Wakamgeukia yeye. Walijua ndiye aliyeiandika. Kwamba alionywa, hawakujua, naye hakuwaambia.

"Itenguliwe," alisema, macho mezani.

Alasiri akamwita mpiga chapa, ambaye sasa alikuwa na mvi na miwani mizito. Akaanza kumsomea uamuzi mpya: "Katika hukumu ile, mahakama ilipitiwa..."

Vidole vya mzee vikasimama. "Nipige kama ulivyosema, mheshimiwa?"

Aliuliza kwa upole, bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma. Miaka yote hiyo mzee amemletea majalada, amemsalimia kila asubuhi, na yeye hajawahi kumwomba radhi.

"Futa," alisema. "Andika: jaji alionywa na mpiga chapa wake, akapuuza. Na unisamehe, mzee wangu."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akapiga.

Wiki iliyofuata jaji aliyasoma maneno hayo mbele ya watu. Mshonaji alishinda, kesi yake ingesikilizwa. Wakati wa kutoka akamsubiri jaji koridoni, mkono mbovu wa kulia ameuficha ndani ya mtandio.

"Baba, asante," alisema. "Nina swali moja. Marehemu mume wangu naye aliumia pale pale kiwandani. Alipokuja hapa walimrudisha mlangoni kwa hukumu yako ile ya zamani. Na yake itafunguliwa?"

Jaji alijua jibu. Alijua hata kifungu kinachosema hivyo.

"Hapana, mama," alisema. "Ya kwake ilishafungwa."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akampa mkono wa kushoto kumuaga. Jaji akaupokea, asiweze kumtazama usoni.